Gari Linastahili Kuuzwa Lini: Hesabu ya Mwenye Noah wa Kintinku

Magari mengi madogo yanayopita Kintinku katika barabara kuu ya Dodoma kwenda Manyoni, zikiwemo Noah za abiria ambazo watu wamezoea kuziita michomoko, yaliuzwa kwanza na wenyewe huko Japani, mara nyingi si kwa sababu yalikuwa yamechoka, bali kwa sababu sheria ya nchi hiyo huifanya gharama ya kuyamiliki ipande kadiri yanavyozeeka. Gari jipya la binafsi hukaguliwa kwa lazima, katika ukaguzi unaoitwa shaken, linapotimiza miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2, na gari la petroli likivuka miaka 13 kodi yake ya mwaka huongezwa. Kwa hiyo Mjapani huuza gari kwa kuitazama kalenda. Mwenye gari wa Tanzania Bara hana kalenda ya namna hiyo, kwa kuwa ada ya mwaka ya leseni ya gari ilifutwa mwaka 2017 na nafasi yake ikachukuliwa na nyongeza ya shilingi 40 katika kila lita ya mafuta. Ukiondoa bima, gari lililoegeshwa halimdai mwenyewe kitu kikubwa, ila lile linalotembea humdai kila siku, na kwa sababu hiyo swali la lini liuzwe hujibiwa kwa kilometa zaidi kuliko kwa miaka.

Upande wa pili wa swali ni bei ya gari litakalochukua nafasi ya lile la zamani. Kenya huzuia kuingizwa kwa magari yaliyozidi miaka 8, na Uganda tangu mwaka 2018 imepiga marufuku yaliyozidi miaka 15, lakini Tanzania Bara imechagua kuutoza uzee badala ya kuukataza. Gari la abiria lenye injini ya kati ya sentimita za ujazo 1,000 na 2,000 hutozwa ushuru wa forodha wa asilimia 25, ushuru wa bidhaa wa asilimia 5, kisha ushuru wa uchakavu, yaani tozo ya umri, ambao ni asilimia 15 kwa gari la miaka 8 hadi 10 na asilimia 30 kwa lililozidi hapo, na juu ya jumla hiyo yote huja kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18. Kwa kuwa baadhi ya kodi hizo huhesabiwa juu ya nyingine, gari lililozidi miaka 10 hulipiwa kodi inayokaribia kulingana na thamani yake lilipofika bandarini Dar es Salaam. Hapo ndipo penye sababu ya jambo linalowashangaza wageni, kwamba Noah iliyotumika nchini miaka mitano huweza kuuzwa kwa bei isiyo mbali sana na ile iliyonunuliwa nayo: kodi iliyokwisha kulipwa imo ndani ya bati lake, na shilingi inaposhuka mbele ya dola, anayeagiza gari jingine huumia huku mwenye gari la zamani akipata ahueni.

Soko, hata hivyo, huupima umri kwa kipimo kisicho sahihi. Mnunuzi huuliza kama gari ni namba C, namba D au namba E, akiwa na maana ya herufi ya kwanza kati ya zile tatu za mwisho katika kibao cha usajili, na hulipa zaidi kadiri herufi inavyosogea mbele. Herufi hiyo hueleza tu gari lilisajiliwa nchini wakati gani, wala haisemi liliundwa lini, hivyo IST ya kizazi cha kwanza, ambacho kiliundwa kati ya miaka 2002 na 2007, huweza kuwa na namba ya juu kuliko gari changa zaidi lililotangulia kuingia nchini. Kwa muuzaji upotofu huu ni faida, na kwa anayebadilisha gari ni mtego, kwa maana aliyeongeza mamilioni ili atoke namba C aende namba D huenda amenunua injini yenye umri uleule.

Hesabu yenyewe si ngumu, mradi pesa iliyokwisha kuliwa na gereji iachwe nje, kwa kuwa hairudi liuzwe gari au lisiuzwe. Ichukuliwe mfano wa kubuni, kwamba Noah yenye ubovu wa giaboksi inaweza kuuzwa leo kwa shilingi milioni 6, na kwamba ikitengenezwa kwa milioni 2 itafanya kazi miaka miwili kisha iuzwe kwa milioni 5.5; kubaki nayo kutagharimu milioni 2.5. Gari la kuibadilisha linauzwa milioni 15, linahitaji laki 7 za uhamisho, safari na matengenezo ya mwanzo, na baada ya miaka miwili litauzwa milioni 12.5, hivyo gharama yake ni milioni 3.2. Kwa anayelitumia kwenda kazini na kanisani, la zamani limeshinda. Lakini mchomoko unaoingiza shilingi 40,000 kwa siku, ukilala gereji siku 20 zaidi katika miaka hiyo miwili, umepoteza laki 8, na hukumu inageuka. Kisha ikiwa nyongeza ya milioni 9 imekopwa, riba inaweza kuigeuza tena. Siku za kulala gereji ndizo zinazosahauliwa zaidi, pengine kwa sababu fundi haziandiki katika bili.

Mahali penyewe pana neno lake katika hesabu hiyo. Kintinku iko chini katika Bonde la Ufa, na anayekwenda Manyoni hulazimika kuupanda ukingo wa bonde upande wa Saranda, mahali ambapo rejeta iliyoziba au giaboksi inayoteleza hujitangaza yenyewe mbele ya abiria. Nje ya lami, udongo wa mbuga hushika matairi wakati wa masika, na kiangazi vumbi huziba chujio la hewa mapema kuliko kitabu cha gari kinavyotabiri. Katika mazingira hayo gari jipya zaidi si lazima liwe bora zaidi. Noah ya kabla ya mwaka 2001, yenye injini ya 3S-FE iliyo chini ya viti vya mbele na inayosukuma magurudumu ya nyuma, inafahamika kwa mafundi wengi, na tahadhari yake kubwa ni kubadilisha mkanda wa taimingi kwa wakati. Iliyoifuata ilikuja na 1AZ-FSE, injini inayopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda kwa shinikizo kubwa, ambayo ni nzuri kwa mafuta safi lakini pampu yake si kazi ya kila gereji ya njiani.

Uamuzi wa kuuza ukishafikiwa, hubaki swali la njia. Yadi za Dodoma au Dar es Salaam hupokea gari la zamani na kuongezewa pesa ili zitoe jingine, ila hulithaminisha chini ya bei ya soko, kwa sababu zinabeba matengenezo, muda wa kusubiri mteja na faida. Mwenye haraka hununua haraka hiyo. Anayeuza mwenyewe au kupitia dalali hupata zaidi akilingojea soko, na huko bondeni soko huchangamka baada ya mavuno ya mpunga, ilhali Januari, mwezi wa ada za shule, wauzaji huwa wengi kuliko wanunuzi. Vyovyote iwavyo, mkataba uliosainiwa mbele ya wakili hautoshi mpaka umiliki uhamishwe Mamlaka ya Mapato Tanzania na ushuru wa stempu kulipwa, kwani kadi ikibaki na jina la muuzaji, faini za barabarani na maswali ya polisi baada ya ajali vitaendelea kumtafuta yeye, hata gari likiwa limeshauzwa mara mbili nyingine tangu litoke mikononi mwake.