Akili ya Mtoto Huanzia Jikoni kwa Mama

Mimba inapoonekana tu, washauri hujitokeza kila upande. Usile mayai, mtoto atazaliwa bila nywele. Usile maini. Usishibe sana, mtoto atakuwa mkubwa na uzazi utakuwa mgumu. Mengi ya maneno haya yamepokelewa kwa bibi zetu, nao walitupenda. Lakini tukiyafuata yote, mama mjamzito hubaki na ugali na mchicha, na vile anavyokatazwa ndivyo hasa mtoto anavyovihitaji kwa ajili ya ubongo wake.

Wengi wetu tunajua kwamba mama asipokula vizuri mtoto huzaliwa na uzito mdogo. Uzito huonekana kwenye mizani. Akili haionekani, na pengine ndiyo sababu haizungumzwi sana kliniki. Leo tuzungumze juu ya kitu kimoja kidogo sana, madini joto, kwa kuwa nchi yetu ina historia nayo.

Shingoni tuna tezi inayotengeneza homoni, nayo haiwezi kufanya kazi bila madini joto. Homoni hiyo ndiyo inayoongoza ukuaji wa ubongo wa mtoto tumboni. Katika miezi mitatu ya kwanza mtoto hana homoni yake mwenyewe; hutegemea ile ya mama. Mama akipungukiwa sana, mtoto anaweza kuzaliwa kiziwi, asiyeweza kusema, mwenye akili iliyodumaa maisha yake yote. Upungufu ukiwa mdogo, mtoto huonekana mzima kabisa, ila darasani huelewa kwa shida, na watu husema ni mvivu.

Milimani mvua imeosha madini hayo kutoka katika udongo kwa karne nyingi, hivyo mahindi na mboga zinazoota huko hazina ya kutosha, hata shamba likiwa na rutuba. Ndiyo maana rovu lilienea sana katika mikoa ya Iringa, Mbeya, Rukwa na Ruvuma. Wako waliosema ni laana ya ukoo. Haikuwa laana. Ilikuwa njaa ya kitu ambacho jicho halikioni.

Ushahidi ulipatikana mbali, katika milima ya Papua New Guinea. Mwaka 1966 daktari Peter Pharoah na wenzake walichoma sindano za mafuta yenye madini joto kwa familia moja na kuiruka nyingine. Miaka iliyofuata, watoto wenye udumavu huo mkubwa walikuwa 26 upande usiopata dawa, na 7 upande ulioipata. Tena karibu wote kati ya hao 7 mama zao walikuwa tayari na mimba walipochomwa. Kumbe kungoja mpaka mimba ionekane ni kuchelewa.

Hapa Tanzania, kuanzia mwaka 1986, wanawake na watoto katika wilaya 25 walipewa vidonge vya mafuta ya namna hiyo. Mwaka 2009 wataalamu watatu, Erica Field, Omar Robles na Máximo Torero, walitoa hesabu zao: watoto ambao mama zao walikingwa walikuwa wamesonga mbele shuleni kwa theluthi hadi nusu ya mwaka, na wasichana walifaidika zaidi. Haki itendeke, mwaka 2020 wengine walirudia hesabu hizo kwa takwimu nyingi zaidi wakaona faida si dhahiri kiasi hicho. Wabishane juu ya madarasa. Juu ya madhara ya upungufu mkubwa hakuna ubishi.

Kampeni ya vidonge ilifuatwa na chumvi iliyotiwa madini joto, ambayo kanuni zake zilitungwa katikati ya miaka ya 1990. Mjamzito anahitaji maikrogramu 250 kwa siku, kiasi kisichoonekana hata ncha ya kisu. Hatusemi chumvi iongezwe chunguni, maana presha nayo ni adui wa wajawazito. Tunasema iwe chumvi sahihi, ile ya pakiti yenye maandishi ya madini joto, si ile ya kupimwa kwa kopo kutoka gunia lililo wazi, hata kama ni nafuu. Ihifadhi kwenye chombo chenye kifuniko, mbali na moshi wa jiko na jua, na uitie chakula kikikaribia kuiva. Samaki na dagaa wa baharini nao wana madini haya.

Damu pia isisahauliwe. Vidonge vya madini ya chuma na foliki asidi vya kliniki vimezwe, visiwekwe kabatini kwa sababu vinachefua. Vimeze usiku baada ya chakula, na chai uinywe wakati mwingine, kwani huzuia madini ya chuma yasiingie mwilini. Mayai na maini yaliyopikwa yakaiva ni chakula chema kwa mjamzito, ila maini yasiwe ya kila siku, yana vitamini A nyingi mno. Na kuhusu pombe, hata ile ya kienyeji inayosifiwa kuongeza damu, somo ni la zamani: katika Waamuzi 13 mama yake Samsoni alikatazwa kileo kabla hajapata mimba.

Akina baba wanaosoma gazeti hili la wake zao kwa siri, na tunajua mpo: mara nyingi ninyi ndio mnaoshika fedha ya dukani. Mkitumwa chumvi, soma pakiti kabla ya kulipa.