Loki ya mlango ikigoma, si lazima kununua kitasa kizima

MFANYABIASHARA anayefika soko la Ilala jijini Dar es Salaam alfajiri, gari lake aina ya Noah likiwa limejaa matenga ya nyanya, hana muda wa kulizunguka gari akivuta kila mlango kuona kama umefunga. Hubonyeza kitufe kimoja, husikia mlio wa "ta!", kisha huenda kutafuta wanunuzi.

Tatizo ni kwamba mlio huo si ushahidi wa kutosha. Milango mitatu ikijifunga kwa pamoja, kelele yake huficha ukimya wa mlango wa nne. Mwenye gari hugundua ukweli anaporudi na kukuta fedha za mauzo alizozificha chini ya kiti hazipo, au matenga mawili yamepungua, na hakuna kioo kilichovunjwa.

Loki za umeme, ambazo wengi huziita senta loki, zimo katika sehemu kubwa ya magari ya mtumba kutoka Japani yanayobeba mazao na bidhaa Afrika Mashariki. Gari likizeeka, loki hizi ni miongoni mwa vitu vya mwanzo kuchoka. Kwa kuwa gari bado linatembea, wengi huahirisha matengenezo. Wengine hukimbilia kununua kitasa kizima kwa bei kubwa wakati kilichokufa ni mota ndogo inayoenea kiganjani.

Kwa nini za magari ya biashara hufa mapema

Mtu anayetumia gari kwenda kazini na kurudi pengine hufungua mlango wa dereva mara nane kwa siku. Kwa siku 300 za mwaka hizo ni mara 2,400. Dereva anayesambaza mayai, mkate au soda madukani anaweza kufungua mlango huo huo mara 40 kwa siku, yaani mara 12,000 kwa mwaka. Mlango wake hutumika mara tano zaidi ya ule wa kwanza, ingawa magari yote mawili yana umri mmoja.

Hapo bado hatujataja vumbi. Barabara za vijijini huingiza vumbi laini ndani ya mlango kupitia mpira wa kioo. Vumbi hilo hushikana na grisi ya zamani, na sehemu zilizotakiwa kuteleza huanza kukwama. Mota hulazimika kuvuta mzigo mkubwa kuliko ilivyokusudiwa.

Jinsi loki inavyofanya kazi

Ndani ya kila mlango kuna mota ya volti 12. Dereva anapobonyeza kitufe, umeme huifikia mota kwa muda usiozidi sekunde moja hivi. Mota huzungusha gia ndogo za plastiki, nazo husukuma mkono unaofunga kitasa. Anapofungua, umeme huja kwa njia iliyogeuzwa: waya uliokuwa chanya huwa hasi, na mota huzunguka kinyume.

Katika Toyota nyingi, mota hiyo imefungwa ndani ya kitasa chenyewe. Katika magari mengine, hasa yaliyofungwa senta loki baadaye, mota ni kifaa cha pembeni kinachovuta fito ya kitasa.

Umeme wenyewe hutoka kwenye betri, hupita kwenye fyuzi, kisha rilei au kisanduku cha kuongozea kinachopokea amri ya swichi ya mlango wa dereva, na hatimaye huingia mlangoni kwa nyaya zinazopita ndani ya mpira uliopo kati ya bodi na mlango, karibu na bawaba. Kila hatua katika safari hiyo inaweza kuwa na hitilafu. Ndiyo maana kubadilisha kitasa kabla ya kupima ni sawa na kunyunyizia dawa shamba lisilojulikana lina mdudu gani.

Dalili zinasema nini

Kabla ya kwenda kwa fundi, mwenye gari anaweza kupunguza uwezekano kwa kusikiliza na kutazama tu.

Milango yote ikigoma kwa pamoja, kosa kwa kawaida haliko mlangoni. La kwanza kuangaliwa ni fyuzi, kisha betri, rilei na swichi kuu. Betri nzima iliyotulia husoma takriban volti 12.6. Ikiwa imeshuka sana, loki huvuta kwa unyonge.

Milango ikifanya kazi kwa rimoti ya ndani ya gari, yaani swichi, lakini si kwa rimoti ya mkononi, huenda ni betri ya rimoti tu.

Mlango mmoja ukigoma kimya kabisa, ama umeme haufiki, ama mota imekufa. Ukigoma huku mota ikisikika ikizunguka, umeme upo: gia imevunjika meno au fito imechomoka. Ukifunga siku moja na kugoma siku ya pili, kinachoshukiwa ni waya uliokatika ndani ya mpira wa bawaba, au kaboni za mota zilizokwisha.

Ipo pia hali inayowadanganya wengi. Mtu hubonyeza kitufe mara kumi mfululizo kwa hasira, loki inanyamaza, naye huamini ameiua. Baadhi ya mota zina kinga ya ndani inayozuia umeme zinapopata joto. Zikipoa hurudi kazini.

Aidha, mlango wa nyuma usiofunguka kwa ndani huenda hauna ubovu wowote. Ukingoni mwa mlango huo kuna kiwashio kidogo cha kuwazuia watoto wasifungue gari likitembea. Mzigo au abiria anaweza kukisukuma bila kujua. Hicho kiangaliwe kwanza, maana hakigharimu hata senti.

Kupima kabla ya kununua

Kazi ya kupima inahitaji balbu ya indiketa ya wati 21 iliyounganishwa nyaya mbili. Kioo hupandishwa juu kabisa, waya hasi wa betri hufunguliwa, kisha gamba la ndani la mlango hutolewa. Skrubu zake mara nyingi zimejificha nyuma ya hendeli na ndani ya kishikio cha mkono. Kwa magari yenye mifuko ya hewa ya usalama, inafaa kusubiri angalau sekunde 90 baada ya kufungua betri kabla ya kugusa kitu.

Nyuma ya gamba kuna karatasi ya nailoni iliyogundishwa. Hiyo huondolewa kwa uangalifu bila kuchanwa, kwani ndiyo inayozuia maji ya mvua kuingia ndani ya gari.

Soketi ya mota ikishapatikana, huchomolewa, betri hurudishwa, na balbu huunganishwa kwenye nyaya mbili zinazokwenda kwenye mota. Kitufe kikibonyezwa, balbu inatakiwa kuwaka kwa nguvu kwa kitambo kidogo wakati wa kufunga, na tena wakati wa kufungua. Ikiwaka vizuri, umeme unafika na kosa ni la mota au kitasa. Ikiwaka hafifu au isipowaka, kosa liko nyuma, na sehemu ya kwanza kuchunguzwa ni nyaya zilizo ndani ya mpira wa bawaba.

Balbu ina faida juu ya mita katika kazi hii. Waya uliobakiwa na uzi mmoja tu wa shaba unaweza kuonyesha volti 12 kwenye mita, lakini hauwezi kubeba mzigo. Balbu huvuta karibu ampea mbili, hivyo huufichua udhaifu huo mara moja.

Waya uliokatika hauungwi kwa kuviringisha na kufunga tepu, kwa sababu mlango utaupinda tena kesho. Huungwa kwa kipande kipya cha waya laini, huchomelewa kwa risasi, na maungio huwekwa nje ya sehemu inayopinda. Fyuzi iliyoungua nayo hurudishwa ya ampea zile zile. Kuweka kubwa zaidi, au kipande cha waya, ni kukaribisha moto.

Kubadilisha mota

Ikithibitika kuwa mota ndiyo imekufa, kitasa hufunguliwa ukingoni mwa mlango, ambako mara nyingi hushikwa na skrubu tatu zenye kichwa cha nyota ya pembe sita. Bisibisi isiyo yake huziharibu vichwa, na hapo kazi ya saa moja huwa ya siku nzima.

Kabla ya kufungua kifuniko cha plastiki, fundi makini hupiga picha kwa simu kila hatua ili gia zirudi zilipokuwa. Mota ya zamani hutolewa na kupelekwa dukani kama sampuli. Urefu wa mhimili na umbo la miguu ya umeme lazima vilingane, kwani mota zinazofanana kwa macho zinaweza kutofautiana kwa milimita chache zinazozuia gia kushika.

Mota ikijaribiwa moja kwa moja kwenye betri, iguswe kwa sekunde moja tu. Haikutengenezwa kukaa na umeme muda mrefu, na mota mpya inaweza kuungua mezani kabla ya kuingia garini.

Gia husafishwa na kupakwa grisi nyepesi kidogo. Oili chafu ya injini haifai kabisa. Huvuta vumbi, na baada ya msimu mmoja tatizo hurudi.

Kwa gari lisilopatikana mota yake, kuna loki za bandia zinazouzwa kwa seti katika maduka ya vifaa vya magari. Mnunuzi aangalie nyaya. Yenye nyaya mbili hufuata tu amri, nayo yenye nyaya tano ndiyo inayoamuru milango mingine na hufungwa kwa dereva. Ikifungua pale inapotakiwa kufunga, nyaya mbili za mota hubadilishwa nafasi.

Hesabu ya mfukoni

Uamuzi wa kutengeneza au kununua kipya ni wa hesabu. Tuchukue mfano wa namba rahisi, ambazo kila mmoja atazibadilisha kulingana na bei za kwake.

Mota ni shilingi 15,000 na ufundi shilingi 25,000. Jumla shilingi 40,000. Kitasa kizima kipya ni shilingi 120,000 na ufundi shilingi 15,000. Jumla shilingi 135,000. Gari likisimama siku moja, mwenyewe hukosa shilingi 50,000.

Kwa hiyo kubadilisha mota hugharimu shilingi 90,000 na kitasa kipya shilingi 185,000. Tofauti ni shilingi 95,000. Lakini mota hiyo ikifa tena baada ya miezi michache, matengenezo mawili yatafika shilingi 180,000, karibu sawa na kitasa kipya. Somo ni kwamba mara ya kwanza inalipa kubadilisha mota. Mlango huo huo ukigoma tena mapema, au gia zikikutwa zimekatika meno, ni busara kununua kitasa kizima.

Mfano huo unaonyesha jambo jingine. Katika shilingi 90,000, zaidi ya nusu ni siku iliyopotea. Kazi hiyo ikifanywa siku ambayo gari halina safari, gharama hubaki shilingi 40,000. Anayesubiri mpaka loki igome kabisa katikati ya msimu wa mavuno hulipa bei ya fundi na bei ya siku.

Spea za mtumba zinazopatikana Gerezani jijini Dar es Salaam, au Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, zinaweza kuwa nafuu. Hata hivyo, kitasa cha mtumba nacho kimeshatumika miaka mingi. Kijaribiwe kwa betri palepale dukani, na mnunuzi adai risiti. Kupokea mali ya wizi ni kosa la jinai, na "sikujua" ni utetezi dhaifu kwa aliyenunua kichochoroni bila karatasi.

Kabla ya kumlipa fundi

Mwenye gari akubaliane bei kabla mlango haujafunguliwa, na aombe apewe kifaa cha zamani. Kazi ikiisha, loki ifungwe na kufunguliwa mara kumi mlango ukiwa wazi, kisha mara kumi ukiwa umefungwa, na kioo kishushwe na kupandishwa kuhakikisha hakigusi fito. Ahakikishe pia nailoni imerudi mahali pake na matundu ya kutolea maji chini ya mlango hayajazibwa na tope.

Wakati wa kusubiri matengenezo, mlango mbovu ufungwe kwa kitufe cha mkono au kwa ufunguo, na kila mlango uvutwe kabla ya kuondoka. Asiachwe mtoto ndani ya gari lenye loki isiyoaminika, hata kwa dakika chache. Joto ndani ya gari lililofungwa juani huweza kupanda kwa takriban nyuzi 10 za Selsiasi katika dakika 10 tu, na mlango uliogoma kufunguka hausubiri fundi afike.

Mkulima hukagua ghala kabla ya kuingiza mahindi, na mwenye duka hujaribu kufuli kabla ya kwenda kulala. Gari la biashara ni ghala na duka linalotembea. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na kwa loki ya mlango, ufa huo mara nyingi ni mota ya shilingi elfu chache.