Lugha ya Kituo cha Televisheni: Inooro TV na Wasemaji wa Doldol

1. Utangulizi

Neno inooro katika Kigikuyu lina maana ya jiwe la kunolea. Msemaji wa Kiswahili hataliona kuwa geni, kwani lina udugu na kitenzi noa na nomino kinoo. Tangu Oktoba 2015 neno hilo limekuwa pia jina la kituo cha televisheni kitangazacho kwa Kigikuyu, ambacho wasemaji wa lugha hiyo, wa Nyeri na miji mingine ya Mlima Kenya, ndio watazamaji wake wa asili. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi kituo hicho kilivyowezekana, kisha kukipima kutoka Doldol, mji mdogo ulio kaskazini ya Nanyuki, ambako Kigikuyu si lugha ya wenyeji. Hoja inayotetewa ni kwamba mitambo mipya ilizipa nafasi lugha za kwanza za Wakenya katika televisheni, lakini nafasi hiyo iligawanywa kwa kipimo cha soko.

2. Zama za kituo kimoja

Televisheni ilianza nchini Kenya mwaka 1962, mwaka mmoja kabla ya Uhuru. Mwaka 1964 shirika lililoiendesha lilitaifishwa likawa Sauti ya Kenya, na mwaka 1989 likarudia jina la Shirika la Utangazaji la Kenya (KBC). Hadi KTN ilipoanza mwaka 1990, nchi nzima ilikuwa na kituo kimoja tu cha televisheni, na lugha zake kuu zilikuwa Kiswahili na Kiingereza.

Yafaa ikumbukwe kwamba redio ya serikali ilikuwa ikitangaza kwa lugha kadhaa za wenyeji katika miaka hiyo hiyo. Kwa hiyo siasa ya umoja wa taifa peke yake haitoshi kueleza tofauti hiyo. Televisheni ilikuwa na gharama kubwa, na katika mfumo wa analojia kila chaneli ya masafa ilibeba kituo kimoja tu. Penye kituo kimoja, lugha ya sehemu moja ya nchi haikuweza kupewa saa nyingi bila ya kuwanyima wengine.

3. Mitambo mipya na lugha za kwanza

Mkataba wa kimataifa uliofikiwa Geneva mwaka 2006 uliweka tarehe 17 Juni 2015 kuwa kikomo cha matangazo ya analojia katika nchi nyingi, Kenya ikiwamo. Rais Mwai Kibaki alizindua matangazo ya dijitali Desemba 2009. Baada ya mabishano makali baina ya serikali na vyombo vya habari, yaliyofika hadi Mahakama ya Juu mwaka 2014, mitambo ya analojia ilizimwa mwaka 2015. Katika mfumo mpya chaneli moja ya masafa huweza kubeba vituo kumi au zaidi, na mtazamaji hutumia king'amuzi kuvitenganisha.

Hapo kikwazo cha masafa kililegea. Kameme FM, iliyoanza mwaka 2000, ilikuwa imekwisha kuonyesha kwamba wasikilizaji wa Kigikuyu wanatosha kuwavuta wenye bidhaa za kutangaza. Kampuni ya Royal Media Services, iliyokuwa tayari na Citizen TV na redio ya Inooro FM, ikaanzisha Inooro TV miezi michache tu baada ya analojia kuzimwa.

Kwa mwanaisimu, kituo cha namna hii ni zaidi ya chombo cha burudani. Msomaji wa habari hana budi kutafuta namna ya kutaja bajeti, rufani au chanjo kwa lugha ambayo shule huiacha mapema. Aidha, hana budi kueleweka na msemaji wa Gaki, yaani Nyeri, na vilevile wa Metumi na Kabete.

4. Doldol

Wenyeji wa Doldol na vijiji vya Mukogodo husema Kimaa. Lakini wazee wa wengi wao hawakuwa wasemaji wa Kimaa. Walikuwa Wayaaku, wawindaji na wafuga nyuki, na lugha yao ilikuwa ya jamii ya Kikushi. Katika miaka ya 1920 na 1930, walipochanganyika na wafugaji katika eneo walilotengewa na serikali ya kikoloni, mahari ya mizinga ilipisha mahari ya mifugo. Pamoja na ng'ombe ikaingia lugha ya wenye ng'ombe. Bernd Heine alieleza sarufi ya Kiyaaku katika miaka ya 1970. Maarten Mous na wenzake walipofika mwanzoni mwa karne hii, walikuta wazee wachache tu waliokikumbuka.

Kwa mtazamaji wa hapo, ufunguzi wa Inooro TV haukuleta lugha ya nyumbani. Ulimwongezea kituo cha lugha ya jirani. Habari za taifa bado humfikia kwa Kiswahili, ambacho kwake ni lugha ya pili. Kimaa kimepata sauti katika redio. Ama Kiyaaku, hakina wingi wa watu unaoweza kuuzwa kwa mwenye sabuni au mbolea.

5. Hitimisho

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, inaitaka serikali kukuza matumizi ya lugha za wenyeji. Kifungu cha 56 kinataja lugha za makundi madogo na yaliyoachwa nyuma. Historia ya Inooro TV inaonyesha kwamba lugha yenye wasemaji wengi inaweza kujitafutia nafasi bila ya kungoja vifungu hivyo. Vifungu hivyo vina kazi hasa kule ambako hesabu ya watazamaji haiwezi kufika.

Haitarajiwi kwamba Doldol itakuwa na kituo cha Kiyaaku. Lakini dakika chache katika televisheni ya umma, ambamo mzee anaeleza nyuki, asali na mizinga kwa maneno ya lugha ile, zingekuwa hati ya utafiti, na zingekuwa pia heshima kwa wajukuu wanaojitahidi kuifufua. Nafasi katika masafa sasa ipo. Linalobaki ni uamuzi wa serikali na wa wasomi wa lugha, nao wazee hawana muda mrefu wa kuungoja.