Kutunza data kati ya kurasa za fomu

Kutunza data kati ya kurasa za fomu ni namna programu ya wavuti inavyokumbuka yale ambayo mtumiaji amekwisha kujaza, na yale ambayo programu yenyewe imekwisha kukokotoa, pale fomu inapotumwa zaidi ya mara moja au inapokuwa na kurasa kadhaa. Bila utunzaji huo kila fomu inayofika kwenye seva huwa kama imetoka kwa mgeni asiyejulikana: seva huipokea, huijibu na kuisahau.

Njia zinazotumika zaidi ni uga uliofichwa ndani ya fomu, kidakuzi, kikao kwenye seva na hifadhidata. Siku hizi imeongezeka hifadhi ya kivinjari chenyewe. Pale fomu inapohusu pesa au pasipoti ya mtu, njia isiyofaa inaweza kumwachia mtumiaji ajipangie bei mwenyewe, au kumwonyesha taarifa za mtu mwingine.

Asili ya tatizo

Itifaki ya HTTP, ambayo Tim Berners-Lee aliibuni alipokuwa CERN huko Uswisi, haina kumbukumbu. Kivinjari huomba ukurasa, seva hujibu, na kwa upande wa itifaki jambo limekwisha. Ombi linalofuata halihusiani na lililotangulia, hata kama limetoka kwenye kompyuta ileile sekunde moja baadaye. Kwa kusoma makala za wanasayansi hali hiyo ilitosha kabisa, na iliifanya seva iwe nyepesi.

Skripti zilipoanza kutumika tatizo likaonekana. Katika mtindo wa CGI, ambao mara nyingi ulitumia lugha ya Perl, seva ilianzisha programu upya kwa kila ombi. Ilipomaliza kuandika jibu, programu ilikufa pamoja na vigeu vyake vyote. PHP, iliyotolewa na Rasmus Lerdorf mwaka 1995, inafuata desturi hiyohiyo. Kigeu $jumla kilichopata thamani mtumiaji alipobonyeza "Endelea" hakipo tena anapobonyeza "Thibitisha". Wanaoanza kujifunza hushangazwa na jambo hili, hasa wakiwa wamezoea programu za mezani ambamo kigeu hubaki hai mpaka dirisha lifungwe.

Tofauti yake inaonekana vizuri kwenye menyu za simu. Mtu wa Tanzania anayepiga *150*00# ili atumie M-Pesa huchagua namba moja baada ya nyingine, na mtandao wa simu hukiweka kikao kimoja wazi tangu menyu ya kwanza hadi ya mwisho. Namba ya simu yake inajulikana wakati wote. Kikao kikikatika anaanza upya, lakini kinapokuwa hai hakuna haja ya kumuuliza tena yeye ni nani na amechagua nini. HTTP haina uzi wa namna hiyo, hivyo kila programu ya wavuti hulazimika kusokota wake.

Uzi wa kwanza uliokubalika kote ulikuwa kidakuzi, ambacho huitwa pia kuki. Lou Montulli alikibuni mwaka 1994 akiwa katika kampuni ya Netscape. Kampuni ya simu ya MCI ilikuwa inatengeneza duka la mtandaoni na haikutaka seva zake zibebe miamala ambayo wateja hawajaikamilisha. Suluhisho likawa kuiweka hali hiyo kwenye kompyuta ya mteja. Kanuni za kwanza rasmi zilitoka mwaka 1997 kama RFC 2109, na mwaka 2011 ikatolewa RFC 6265.

Mfano wa kiingilio cha Mafia

Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia ilianzishwa mwaka 1995, ikiwa hifadhi ya bahari ya kwanza nchini Tanzania. Ina eneo la kilomita za mraba 822 upande wa kusini na mashariki wa kisiwa, pamoja na Ghuba ya Chole na visiwa vya Chole, Juani na Jibondo. Wageni wanaoingia hulipa kiingilio cha kila siku. Hesabu yake ni fupi, na kwa hiyo inafaa kuwa mfano. Kiwango na fomu inayoelezwa hapa ni vya kufundishia tu, si vya mfumo halisi wa hifadhi.

Tuchukue kiingilio cha shilingi 10,000 kwa mtu kwa siku, pamoja na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18. Familia ya watu 4 inayokaa siku 3 inadaiwa 120,000 na kodi ya 21,600, jumla 141,600. Fomu ina kurasa tatu: wa kwanza unauliza idadi ya watu na siku, wa pili majina na namba za pasipoti, wa tatu unaonyesha jumla na kuomba uthibitisho. Jumla imekokotolewa baada ya ukurasa wa kwanza. Itafikaje kwenye wa tatu?

Uga uliofichwa

Njia ya zamani zaidi ni kuiandika jumla ndani ya fomu inayofuata, mahali ambapo haionekani kwenye skrini:

<input type="hidden" name="jumla" value="141600">

Mtumiaji anapotuma ukurasa wa pili, thamani hiyo inarudi kwenye seva pamoja na majina. Haihitaji kidakuzi wala faili kwenye seva, na mtu anaweza kufungua fomu mbili kwa wakati mmoja bila kuchanganya hesabu.

Neno "uliofichwa" ndilo linalopotosha watu. Uga huo umefichwa machoni tu. Kila kivinjari kina zana ya kutazama na kubadilisha msimbo wa ukurasa, na mtu yeyote anaweza kuifuta 141600, akaandika 1416 na kutuma. Skripti inayoipokea thamani hiyo na kuiamini itatoa stakabadhi ya shilingi 1,416, na hakuna kosa lolote litakaloandikwa kwenye kumbukumbu za seva. Duka la mtandaoni linaloamini bei ya namna hii linaweza kuibiwa kwa urahisi.

Dawa rahisi ni kubeba alichosema mtumiaji, si ilichokokotoa seva. Idadi ya watu na siku zinaweza kukaa kwenye uga uliofichwa, kisha jumla ikakokotolewa upya kwenye ukurasa wa tatu. Mtu akibadilisha watu 4 kuwa 2, bei itashuka lakini kibali pia kitakuwa cha watu 2. Hapo hakuna alichoiba.

Kuna hali ambazo hesabu haiwezi kurudiwa, kwa mfano bei iliyotegemea kiwango cha kubadilisha fedha cha saa ile. Hapo thamani huambatanishwa na saini ya HMAC inayotengenezwa kwa ufunguo ulioko kwenye seva peke yake. Katika PHP saini hutengenezwa kwa hash_hmac() na kuhakikiwa kwa hash_equals(). Ni vema saini ijumuishe pia muda wa mwisho wa kutumika, la sivyo mtu ataitunza fomu ya mwezi uliopita, yenye bei nafuu na saini halali, akaituma leo. Saini huzuia kubadilisha, haizuii kusoma. ASP.NET, iliyotolewa na Microsoft mwaka 2002, ilibeba hali ya ukurasa mzima katika uga uitwao __VIEWSTATE ulioandikwa kwa Base64, na kwa kuwa maandishi yake hayasomeki kwa macho wapo walioyachukulia kama siri. Base64 si usimbaji fiche. Hufunguliwa kwa sekunde moja.

Kikao kwenye seva

Katika njia hii data hubaki kwenye seva, na kivinjari hupewa namba ndefu ya nasibu tu, kama tiketi ya mtunza mizigo. Namba hiyo husafiri ndani ya kidakuzi kila ombi linapotumwa. PHP ina vikao vya ndani tangu toleo la 4 la mwaka 2000, na kidakuzi chake huitwa PHPSESSID isipokuwa msanidi akibadilisha jina.

<?php
session_start();
$watu = (int) ($_POST['watu'] ?? 0);
$siku = (int) ($_POST['siku'] ?? 0);
if ($watu < 1 || $siku < 1) {
    exit('Idadi ya watu au siku si sahihi.');
}
$tozo = $watu * $siku * 10000;
$_SESSION['jumla'] = $tozo + intdiv($tozo * 18, 100);
header('Location: majina.php', true, 303);
exit;

Ukurasa wa tatu nao huanza na session_start() na kusoma $_SESSION['jumla']. Mgeni hana njia ya kuigusa namba hiyo. Sharti la kukagua namba zilizo chini ya 1 lisiachwe, kwa kuwa watu hasi 4 wangetoa deni hasi, na hesabu ingekuwa sahihi kabisa.

Mstari wenye 303 unakiambia kivinjari kiende kwenye ukurasa mwingine kwa ombi la kawaida la kusoma. Bila huo, mtu anayepakia ukurasa upya kwa sababu mtandao umesuasua huituma fomu mara ya pili. Kwa kukokotoa jumla hilo halina madhara. Kwa ukurasa wa malipo lina madhara makubwa.

Kwa kuwa namba ya kikao ndiyo tiketi, atakayeipata ndiye mwenye mzigo. Kidakuzi hicho huwekewa alama za Secure, ili kisisafiri bila HTTPS, na HttpOnly, ili skripti za ndani ya ukurasa zisikisome. Mtumiaji akiingia kwa nywila, namba hubadilishwa kwa session_regenerate_id().

Matatizo ya kawaida ya kikao

La kwanza ni vichupo viwili. Wakala wa utalii pale Kilindoni anaandikisha familia ya watu 4 kwenye kichupo kimoja, kisha anafungua kingine kwa ajili ya wageni 2. Kidakuzi ni kimoja, kikao ni kimoja, hivyo jumla ya pili inaifuta ya kwanza. Akirudi kwenye kichupo cha familia na kuthibitisha, watu 4 watalipa bei ya 2. Suluhisho ni kuipa kila fomu namba yake na kuweka ndani ya kikao orodha ya maombi badala ya thamani moja; namba ya ombi inaweza kukaa kwenye uga uliofichwa bila hatari, maadamu seva inahakikisha kuwa ni la kikao hicho.

La pili ni muda. Mpangilio wa kawaida wa PHP huruhusu kikao kisichoguswa kwa sekunde 1,440, yaani dakika 24, kufutwa. Ofisini dakika 24 ni nyingi. Kwa mtu anayetafuta pasipoti za wenzake huku boti ikitoka Nyamisati, mtandao ukija na kupotea, si nyingi hata kidogo. Skripti nzuri haionyeshi jumla ya sifuri kikao kinapokuwa kimekufa. Inasema wazi kwamba muda umekwisha.

La tatu ni kompyuta ya watu wengi, kama ya mapokezi ya hoteli. Kikao kisipofungwa kwa session_destroy() ombi linapokamilika, anayefuata anaweza kukuta majina na pasipoti za aliyetangulia.

Hifadhidata na namba ya kumbukumbu

Kazi inayochukua siku nyingi haiwezi kutegemea kikao. Hapo data huandikwa kwenye hifadhidata na mtumiaji hupewa namba ambayo anaweza hata kuiandika kwenye karatasi. Watanzania wanaijua njia hii kupitia GePG, mfumo wa serikali wa kukusanya malipo kwa njia ya kielektroniki. Kiasi kinachodaiwa kimeandikwa upande wa mfumo, na mlipaji hubeba kumbukumbu namba peke yake. Anaweza kulipa kesho, benki au kwa simu ya ndugu yake, na bei haipiti mikononi mwake popote. Kwa ada yoyote ya kweli hii ndiyo njia inayofaa. Kikao kinatosha tu kumfikisha mtu hapo.

Mfano wa pili unahusu papa potwe, wanaoonekana karibu na Kilindoni hasa kuanzia Oktoba hadi Februari. Kila papa ana madoa yasiyofanana na ya mwingine. Mwaka 2005 Zaven Arzoumanian, Jason Holmberg na Brad Norman walichapisha mbinu ya kuwatambua kwa picha, wakitumia hesabu iliyobuniwa na Edward Groth mwaka 1986 kwa ajili ya kulinganisha nyota. Mbinu hiyo inatumika katika maktaba ya mtandaoni ya Wildbook, ambako hata mtalii anaweza kujaza fomu na kupakia picha. Kulinganisha picha moja na maktaba nzima si kazi ya kusubiriwa ukurasa ukiwa wazi. Taarifa huandikwa kwanza na kupewa kitambulisho, na ulinganishaji hufanyika baadaye. Kama mahali pa picha na matokeo yangekuwa kikao, yangepotea kabla mtafiti hajayasoma.

Hifadhi ya kivinjari

Vivinjari vya sasa vina localStorage, ambamo ukurasa unaweza kuandika rasimu ya fomu hata mtandao usipokuwepo. ODK Collect, programu ya simu inayotumika kukusanya takwimu vijijini, ina wazo linalofanana: fomu zilizojazwa hukaa ndani ya simu mpaka mtandao upatikane. Kwa visiwa vidogo njia hii ni ya maana sana. Hata hivyo kilichomo kinaweza kubadilishwa na mwenye simu, kwa hiyo jumla inayotoka huko hukokotolewa upya na seva kama ile ya uga uliofichwa.

Muda wa kutunza

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na inataka taarifa za watu zisitunzwe kuliko inavyohitajika kwa lengo lililokusudiwa. Katika seva ya PHP vikao visivyobadilishiwa mpangilio ni faili za kawaida kwenye diski, na namba za pasipoti zilizomo zinasomeka wazi. Nakala ya akiba ya seva ikichukuliwa usiku, faili hizo zinaweza kuingia ndani yake na kubaki humo muda mrefu baada ya dakika 24 kwisha, isipokuwa saraka ya vikao imeondolewa kwenye nakala hiyo.