Nani Anaongoza? Mbio za Baiskeli za Siku 21

[Kengele ya baiskeli. Muziki wa kipindi, kisha unashuka.]

 

Huenda hapo ulipo unaijua baiskeli kwa kazi yake: kubeba madumu ya maji, gunia la mahindi au mgonjwa kwenda zahanati. Leo tunazungumzia baiskeli ya mashindano, na swali linalowachanganya wengi kuhusu Tour de France: inakuwaje mtu afike wa arobaini leo, na bado aitwe kiongozi?

Jibu ni saa. Mbio hizo za Ufaransa zina hatua 21, kila siku hatua moja, na siku chache za kupumzika katikati. Muda wa kila mshindani huandikwa, kisha hujumlishwa na wa siku zilizotangulia. Mwenye jumla ndogo kuliko wote huvaa jezi ya njano. Akibaki nayo baada ya hatua ya mwisho, ndiye bingwa.

Kwa hiyo mtu anaweza kuwa bingwa bila kushinda hatua hata moja. Mwaka 2017 ndivyo ilivyokuwa kwa Chris Froome, Mwingereza aliyezaliwa Nairobi. Baada ya kilomita zaidi ya 3,500, alimzidi Rigoberto Urán wa Kolombia kwa sekunde 54 tu.

Je, ukianguka njiani? Unaruhusiwa kuinuka, kubadilisha baiskeli na kuendelea. Sharti ni ufike kabla ya muda wa mwisho, ambao hupimwa kwa muda wa mshindi wa siku hiyo. Ukichelewa, kesho huanzi. Ndiyo maana huko milimani walioachwa nyuma hukusanyika, hata kama ni wa timu tofauti, wakapanda pamoja ili wafike.

Ipo pia jezi ya kijani. Hiyo ni ya pointi, na wanaoiwania zaidi ni wenye mbio kali za mwisho. Mwaka 2024 Biniam Girmay wa Eritrea alishinda hatua ya tatu mjini Turin, akawa Mwafrika mweusi wa kwanza kushinda hatua ya Tour de France. Akavaa kijani, akaongeza hatua mbili.

Kisha, katika hatua ya 16, alianguka karibu na mwisho mjini Nîmes. Mpinzani wake Jasper Philipsen akashinda siku hiyo na kumkaribia kwa pointi. Girmay aliinuka, akavuka mstari na majeraha yake. Kesho yake alirudi barabarani. Mbio zilipoishia Nice, jezi ya kijani ilikuwa bado yake.

Basi, msikilizaji, ukisikia matokeo redioni, usiulize tu nani kafika wa kwanza leo. Uliza pia nani anaongoza kwa jumla, na nani bado yumo.

Kwaheri, hadi kipindi kijacho.

[Muziki unapanda.]