Mbali Kuliko Zote, Baridi Kuliko Zote: Rekodi za Kwanta Tukizitazama Kutoka Bujora

Bujora, Usukumani, wanajua kushindana. Katika sherehe za Bulabo, mwezi wa sita, vyama viwili vya ngoma, Wagika na Wagalu, hucheza kwa wakati mmoja, na mshindi ni yule aliyewavuta watazamaji wengi zaidi. Rekodi za teknolojia ya kwanta nazo ni mashindano, ila hupimwa kwa kilomita, biti na kelvini. Nimechagua chache zilizonikosha, na zote zimevunjwa na watu wanaojua kuunganisha mitambo mingi ikafanya kazi kama mmoja. Huo ndio uhandisi wa mifumo, na katika maabara nyingi duniani mzigo wake hubebwa na wanafunzi wa uzamivu waliofadhiliwa.

Ya mbali kuliko zote, ilipotangazwa Machi 2025, ilifika Afrika. Setilaiti ndogo ya China, Jinan-1, iliwezesha Beijing na Stellenbosch, Afrika Kusini, kugawana ufunguo wa siri kwa umbali wa kilomita 12,900. Upande wa Stellenbosch jaribio liliongozwa na Dkt. Yaseera Ismail. Mimi navutiwa zaidi na uzito. Kituo cha ardhini cha kupokea fotoni, yaani chembe za mwanga, ambacho kwa setilaiti iliyotangulia kilikuwa na tani zipatazo 13, kilipunguzwa hadi kilo 100 hivi. Mtambo wa namna hiyo unabebeka kwenye pikapu. Darubini, leza, saa na programu vilibanwa pamoja bila kimoja kuharibu kingine, kazi ambayo haikuhitaji sheria mpya ya fizikia hata moja.

Mgeni wa Makumbusho ya Wasukuma pale Bujora ataelewa upesi ufunguo huo ni wa nini. Kuna onyesho la namna Wasukuma walivyohesabu moja hadi kumi: kila rika lilikuwa na maneno yake, yaliyotumika kama lugha ya siri. Udhaifu wa siri ya aina hiyo ni kwamba mtu wa rika jingine akijibanza akasikiliza, akajifunza, wenyewe hawatajua. Ufunguo wa kwanta umetibu hapo hapo. Fotoni ikipimwa njiani hali yake hubadilika, makosa yanaongezeka, na wenye siri wanagundua kuna mtu.

Baridi kuliko zote: Bremen, Ujerumani, 2021. Watafiti waliangusha wingu la atomi za rubidi ndani ya mnara wa kudondoshea vitu, wakalifikisha sehemu 38 za trilioni ya kelvini moja juu ya sifuri halisi.

Kompyuta nyingi za kwanta zinaridhika na baridi ya sehemu 10 hadi 15 za elfu ya kelvini. Jokofu la kompyuta hizo lina mabamba ya shaba yaliyopakwa dhahabu, yananing'inia moja chini ya jingine, kila la chini baridi kuliko la juu, nyaya zikiteremka katikati. Kila waya unaoongezwa unaingiza joto. IBM ilipofikisha kubiti, yaani biti za kwanta, 1,121 katika kichakataji cha Condor mwaka 2023, ugumu mkubwa ulikuwa hapo: kubana nyaya nyingi katika jokofu moja. Caltech walipita njia nyingine, na mwaka 2025 wakashika atomi 6,100, kila moja ikiwa kubiti, kwa miale ya leza.

Jambo ninalolipenda kuliko yote lina jina la Mtanzania. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa sekondari ya Magamba, alitengeneza aiskrimu shuleni. Nafasi kwenye friza ilikuwa inakwisha, akaingiza maziwa yake yangali moto, nayo yakaganda kabla ya yale ya mwenzake yaliyoingia ya baridi. Alichekwa. Akiwa shule ya Mkwawa, Iringa, akamuuliza Dkt. Denis Osborne wa Chuo Kikuu, Dar es Salaam, ambaye aliagiza jambo hilo lipimwe, na mwaka 1969 wakachapisha pamoja. Mwaka 2024 wanafizikia wa Innsbruck, Austria, wakitumia ioni 12 zilizonaswa, walionyesha mfumo wa kwanta ulioanza mbali na utulivu ukiufikia mapema kuliko ulioanza karibu. Wanaiita athari ya Mpemba ya kwanta. Ni heshima kubwa ambayo shule zetu haziitaji vya kutosha.

Kwa kusomesha wahandisi wa namna hii, Uingereza imejipanga. Bristol walianzisha kituo cha uzamivu katika uhandisi wa kwanta mwaka 2014, ambako mwanafunzi alifadhiliwa miaka minne na alianza kwa mafunzo kabla ya kuchagua mradi. Mkakati wa taifa wa 2023, wa pauni bilioni 2.5 kwa miaka kumi, umelenga kufadhili watafiti wanafunzi 1,000 zaidi.

Sisi nasi mfano wa ufadhili wa namna hiyo tunao. Kuanzia 2016 mradi wa Benki ya Dunia wa ACE II uliweka vituo 24 vya umahiri katika nchi nane, Tanzania ikipata vinne, viwili vyake Taasisi ya Nelson Mandela, Arusha. Maji na miundombinu vilipata fedha za uzamivu kwa mpango huo. Kigali, taasisi ya sayansi ya hisabati ya AIMS Rwanda iliwahi kuanzisha kituo cha utafiti cha Quantum Leap Africa. Kijana wa Kisesa, jirani na Bujora, mwenye hesabu nzuri na mkono uliozoea kulehemu nyaya anaweza kuanza kuulizia huko.