Motokaa ya Marehemu na Bei Yake

Mwezi huu tumependa kusema juu ya jambo ambalo wengi hulidhani ni la madalali na mafundi tu, nalo ni bei ya motokaa iliyokwisha tumika, pale mwenyewe anapotaka kuiuza. Lililotufanya tushike kalamu ni habari ya nyumba moja ya jirani zetu hapa Mombasa, ambao wametupa ruhusa tuieleze bila ya kutaja majina.

Baba wa nyumba hiyo alifariki dunia mwanzoni mwa mwaka 2024, Mwenyezi Mungu amrehemu. Gharama za maziko zilipokwisha kutolewa na madeni kulipwa, kitu cha thamani kilichosalia kilikuwa ni Toyota Noah aliyoinunua mwaka 2019 kwa shilingi 1,600,000. Warithi ni mjane wake, watoto wanaume wawili na mabinti watatu, na wawili katika mabinti hao hawajabaleghe. Hesabu ya mirathi yao ni nyepesi: mali yagawanywa mafungu manane, mama apata fungu moja, kila mtoto mwanamume mafungu mawili, na kila binti fungu moja. Kazi ya kuiuza motokaa akapewa mtoto mkubwa, naye ni kijana mwaminifu, mwenye kusali na kufunga.

Kijana akataka shilingi 1,500,000. Hoja zake alizieleza mbele yetu. Baba alinunua kwa milioni moja na laki sita. Miezi michache kabla ya kufa kwake alitia tairi mpya na kuitengeneza injini kwa shilingi 120,000. Na katika matangazo ya magari yaliyomo katika simu amewaona wengine wakitaka hivyo hivyo. Lakini, kusema kweli, ilikuwako na hoja nyingine ambayo hakuitamka: kila akikitazama kiti cha dereva alikuwa akimwona mtu ambaye mnunuzi hawezi kumwona.

Katika mwezi wa kwanza alikuja mwalimu mmoja wa shule, akaikagua motokaa kwa adabu, akatoa neno la shilingi 1,150,000 taslimu. Kijana akaona amevunjiwa heshima, wala hakumrudishia jibu. Motokaa ikakaa miezi tisa chini ya mkungu. Betri ikafa, rangi ikababuka kwa jua, tairi zile mpya zikakaa bila ya kuzunguka hata zikaanza kupasuka ubavuni, na bima ikalipwa bure. Mwisho ikauzwa kwa shilingi 940,000. Tofauti ni shilingi 210,000, yaani shilingi 26,250 katika kila fungu.

Sasa tuitazame sheria inasemaje. Mtu na mali yake mwenyewe ana uhuru mkubwa. Bei zilipopanda Madina, watu walimwomba Mtume wetu (s.a.w.) awawekee kiwango, naye akakataa. Na sahaba Urwa al-Bariqi alipopewa dinari moja anunue kondoo, akanunua wawili, mmoja akamwuza kwa dinari, akarudi na kondoo na dinari yake. Mtume akamwombea baraka katika biashara yake. Basi faida haina mpaka uliowekwa, na mwenye kutaka bei ya juu kwa mali yake hakufanya haramu, madhali hakudanganya. Atakayeumia kwa kungoja ni yeye.

Mali ya mwingine hukumu yake ni nyingine. Mafakihi wamelitia jambo hili jina, thaman al-mithl, yaani bei ya mfano: kile ambacho watu wenye kukijua kitu hicho wangekitoa kwa kitu mfano wake, mahali hapo na wakati huo. Katika Minhaj ya Imamu Nawawi, kitabu kilichosomeshwa sana katika vyuo vya pwani yetu, twafundishwa kwamba wakala hana ruhusa kuuza chini ya bei hiyo kwa hasara isiyovumilika. Washerehesha wake wakapiga mfano: kitu cha kumi kuuzwa tisa huvumilika, kuuzwa nane hakuvumiliki. Angalieni kwamba kipimo ni mahali na wakati. Hakikutajwa kilichotolewa mwaka 2019, wala pesa za fundi, wala mapenzi.

Na wakati wenyewe ulikuwa wa ajabu. Kwetu Kenya bei ya motokaa iliyotumika hapa hufuata bei ya zile zinazoshushwa bandarini kutoka Japani, nazo serikali haiziruhusu kuingia zikiwa zimezidi umri wa miaka minane. Mnunuzi akiona kwamba kwa kuongeza kidogo atapata iliyoshuka melini juzi, ataiacha ya kwako. Magari hayo hununuliwa kwa fedha za kigeni. Mwezi wa Januari 2024 dola moja ilikaribia shilingi 160; kufika katikati ya mwaka ilikuwa kama 130. Kijana wetu aliyasoma matangazo ya dola ya Januari, akakaa nayo bei ile ile hali dola yenyewe imekwisha shuka.

Tena tangazo ni ombi tu la muuzaji. Motokaa iliyotangazwa miezi mitano haikuonyeshi bei. Yakuonyesha bei ambayo watu wameikataa. Atakaye kujua na atafute zile zilizouzwa, zenye mwaka, gia na kilomita zinazokaribiana na yake, awaulize wenyewe walipokea ngapi mkononi, kisha aulize fundi na dalali asiye na haja ya kuinunua. Akiisha kupata kiwango, aongeze kidogo kwa ajili ya mapatano, kwani watu wetu hawanunui bila ya kupunguziwa. Akiongeza sana hata wa kuja kuitazama hawaji. Wazee walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Nasi twaona hata chema, kikipachikwa bei isiyo yake, hukaa kisiuzwe. Na pesa za matengenezo zisidaiwe tena kwa mnunuzi: injini nzima humfanya akubali upesi, lakini hazirudi shilingi kwa shilingi.

Wako wanaotaka kuifikia bei ya juu kwa njia ya kuficha. Kurudisha nyuma hesabu ya kilomita ni kitendo kipya chenye asili ya zamani. Waarabu walikuwa wakimwacha ngamia au mbuzi siku kadhaa bila ya kumkama, kiwele kijae, mnunuzi adhani ana maziwa mengi. Mtume (s.a.w.) akalikataza, na aliyedanganywa akapewa haki ya kumrudisha mnyama pamoja na pishi ya tende. Kusema “nauza kama ilivyo” nako, katika madhehebu ya Imamu Shafii, hakumvui mtu dhima ya aibu ya motokaa anayoijua akainyamazia. Na kumweka binamu apige simu akijifanya mnunuzi wa pili ni najash iliyokatazwa waziwazi.

Hatutaki wanunuzi nao wajione wamesalimika. Mjane aliyemo edani hujiwa na watu wajuao thamani ya gari kuliko yeye, wakamtolea nusu yake na kuiita msaada. Jarir bin Abdullah (r.a.) alinunuliwa farasi kwa dirhamu 300, naye alipomwona akamwambia mwenyewe kwamba farasi wake ni bora kuliko hivyo, akawa anampandishia mia baada ya mia hata akamlipa 800. Alipoulizwa, alisema kwamba alimpa Mtume ahadi ya kumtakia heri kila Mwislamu.

Turudi kwa jirani zetu. Mama, ndugu wa pili na binti mkubwa walimsamehe kijana siku ile ile. Ikabaki haki ya wale wadogo wawili, na msamaha wa asiyebaleghe katika mali yake hauhesabiwi. Sisi hatukumwambia kwamba amewajibika kulipa, kwani hakuiba wala hakupuuza, na soko kushuka si kazi yake. Mwenyewe alikataa kutulia. Alitoa katika mafungu yake mawili shilingi 52,500, akamkabidhi mama yake mbele ya mashahidi, aziweke kwa majina ya mabinti hao mpaka watakapobaleghe.